Kitabu cha ubatizo kimeandika "patris ignoti": baba wa bibi yangu nimpateje?

#1 MjukuuWaAnasta

Habari za jioni wakuu.

Naombeni msaada wa wenye uzoefu na vitabu vya zamani vya misheni. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka juzi. Siku ya mazishi baba mkubwa alisoma historia ya marehemu vizuri tu: kazaliwa 1938, kasoma mpaka darasa la nne, kaolewa 1957, watoto saba. Alipofika kwenye "ni binti wa", akataja jina la mama, akakohoa, akaruka mstari. Watu wa Rombo, Kilimanjaro, mnakijua kikohozi cha aina hiyo. Hakuna aliyeuliza, sahani zikaanza kupita.

Mimi nikauliza baadaye. Baba yangu (wazee wa kijijini wanamwita Mzee Kiwia, jina lake la nyumbani) akanijibu: "Bibi yako alikulia kwa mjomba wake. Hayo mengine waachie wenyewe." Wenyewe wote wako chini ya migomba.

Basi likizo iliyopita nikachukua barua kwa paroko wangu wa mjini, nikapanda mlimani hadi parokia alikobatizwa. Katibu, mama mmoja mpole sana, akanitolea kitabu kikubwa, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa kushonea viatu. Akasoma yeye, mimi nikanakili kwa mkono:

N. 214. Die 6 Novembris 1938 baptizavi Anastasiam, natam die 21 Octobris, filiam naturalem Mariae et patris ignoti. Matrina fuit Elisabeth.

Kwa kifupi: tarehe 6 Novemba 1938 padri kambatiza Anastasia, aliyezaliwa 21 Oktoba, binti wa Maria; msimamizi wake (matrina) ni Elisabeth. Halafu saini ya padri isiyosomeka. Pembeni kuna vimaandishi vidogo: mwaka wa kipaimara, mwaka wa ndoa, basi.

Katibu akanitafsiria ile "patris ignoti" kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa taarifa ya ugonjwa. Baba asiyejulikana. Nimerudi Dar nimenyongea. Mama yake bibi hakumjua kweli aliyempa mimba? Au safari yangu imeishia hapo?

#2 Kipusa_Mbishi

Mkuu sema ukweli, unatafuta babu au unatafuta kihamba, shamba la ukoo?

#3 Ngarambe

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Wajuzi waje.

#4 Mzee_wa_Sakristia

Kijana, pole na msiba. Nimekuwa katibu wa parokia miaka 19 kabla mgongo haujakataa, vitabu hivyo nimevilalia. Ngoja nikutoe hofu kwanza.

"Asiyejulikana" maana yake hajulikani kwa kitabu. Mwaka 1938 mapadri walikuwa wanafuata Sheria ya Kanisa ya 1917, ile iliyoanza kutumika Pentekoste ya 1918. Kanuni ya 777 inasema mtoto wa nje ya ndoa jina la mama yake liandikwe kama umama wake unajulikana wazi, au mwenyewe akiomba kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba liandikwe pale tu baba mwenyewe anapoomba kwa hiari yake, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au kama kuna hati halali ya serikali inayomtaja. Nje ya hapo padri anaandika mtoto wa baba asiyejulikana. Huyo Maria angeweza kusimama kwenye kisima cha ubatizo akalitaja jina la bwana huyo mara saba, padri asingeliandika. Kijiji kizima kingeweza kujua. Padri mwenyewe angeweza kujua, na nadhani alijua.

Kwa nini nadhani hivyo? Rudi kwenye maandishi yako, "filiam naturalem". Wanasheria wa Kanisa walikuwa wanagawa watoto wa nje ya ndoa mafungu mawili. "Naturalis" ni yule ambaye wazazi wake wangeweza kuoana, hakuna kizuizi. Aliyezaliwa na mume wa mtu, au na ndugu wa damu, aliitwa "spurius". Sasa jiulize, kama baba hajulikani kabisa, padri alijuaje kwamba hakuwa na mke? Usiliegemee sana neno hilo, maana mapadri wengi waliliandika kwa mazoea bila kupima. Liweke tu mfukoni.

Ukirudi, usitazame mstari wa bibi peke yake. Tafuta ndoa ya Maria. Kama baadaye aliolewa na baba wa mtoto, sheria ile ilimhalalisha mtoto kwa ndoa iliyofuata, na padri makini alirudi kwenye ubatizo akaandika pembeni. Mtafute na huyo Elisabeth. Msimamizi wa ubatizo hakuokotwa njiani. Mara nyingi upande wa kuumeni ukikataa kutoa jina, unatoa mwanamke wa kumshika mtoto.

Na kama ukurasa umeliwa na mchwa, usikate tamaa. Kanuni ya 470 iliwataka maparoko kila mwisho wa mwaka wapeleke nakala ya vitabu kwa askofu. Ulizia jimboni.

Jambo moja la adabu: usipige picha bila ruhusa ya paroko. Kwenye ukurasa huohuo kuna bibi za watu wengine.

#5 MjukuuWaAnasta

Mzee wangu, nimesoma hii nimesimama barabarani. Shikamoo sana. Wiki ijayo naenda tena.

#6 Binti_wa_Mkunazini

Nichomeke la Pwani, maana wanaosoma hapa si wa mlimani tu.

Ukikuta "wazazi hawajulikani" kwenye vitabu vya zamani vya Bagamoyo au vya misheni ya Waingereza hapa Unguja, usikimbilie kusema mtoto wa nje ya ndoa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua Bagamoyo mwaka 1868, na watoto wengi wa mwanzo pale walikuwa wamekombolewa utumwani. Mtoto kachukuliwa bara huko akiwa na miaka mitano, baba yake anamkumbuka kwa jina la "baba", mama kwa jina la "mama". Padri aandike nini? Kwa hiyo kwanza tazama mwaka na tazama waliobatizwa naye siku ile. Ukikuta kumi na wawili wa umri tofauti, siku moja, wote hawana wazazi, hilo ni kundi la waliokombolewa.

Kwa Waislamu hakuna kitabu cha ubatizo, lakini kuna jina. "Bin Abdallah" ni la kulitazama mara mbili. Wengi ni akina Abdallah kweli. Lakini aliyesilimu, au ambaye baba yake hakutajika, naye alipewa bin Abdallah, kwa maana sote ni waja wa Mungu. Na msichanganye mtoto wa suria na mtoto wa nje. Mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali alikuwa huru na alirithi pamoja na ndugu zake wa kwa mke wa ndoa. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria 1897, masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909, kwa hiyo familia za namna hii haziko mbali kama watu wanavyodhani. Nyaraka za kadhi zenye kesi za mirathi ndizo zinazotaja watoto kwa majina. Kuna bibi yangu mmoja tumempata humo, kwenye ugomvi wa minazi.

#7 MjukuuWaAnasta

MREJESHO WA KWANZA. Nimeenda, nimekaa siku mbili.

Mwanzoni nilidhani nimemaliza. Katibu alifungua kitabu cha ndoa cha 1957, na hapo bibi yangu ana baba! Imeandikwa wazi, Anastasia "filia Michaelis et Mariae". Nikampigia baba simu palepale nje ya ofisi, mtandao unakata, nampigia kelele "tumempata, anaitwa Mikaeli!" Upande wa pili kimya. Halafu baba akasema taratibu: "Mikaeli ni mjomba. Ndiye aliyekula mahari."

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa dakika kumi.

Ndoa ya Maria nayo tumeipata, 1940, na bwana mwingine. Hakuna chochote kilichoongezwa pembeni mwa ubatizo wa bibi. Kwa nilivyokuelewa Mzee, huyu mume siye.

#8 Mzee_wa_Sakristia

Umeelewa sawasawa. Kama angekuwa wake, hapo 1940 asingekuwa na sababu ya kuficha, ndoa ingemsafisha mtoto na padri angefurahi kuandika. Si ushahidi wa moja kwa moja, lakini ukimya wa pale pembeni una uzito.

La Mikaeli limewapoteza wengi. Siku ya kuandikisha ndoa padri anauliza "baba yako nani?" Binti anamtaja aliyemlea. Kwetu baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, aliyerithi mjane ni baba, na mjomba aliyelipa ada ya shule naye ni baba. Hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana ukikuta majina mawili ya baba kwenye vitabu viwili, kitabu cha karibu zaidi na siku ya kuzaliwa kipe uzito kwanza, hata kama hakina jina.

#9 Otieno_wa_Kanduyi

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu hiyo nafasi tupu tulikuwa tunatengenezewa na serikali yenyewe. Kifungu cha 12 cha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo kilisema jina la baba lisiingizwe isipokuwa baba na mama waombe pamoja, au kuwe na ushahidi kwamba wameoana kisheria au kimila. Mama asiye na mume akienda peke yake, nafasi ya baba inabaki tupu au inachorwa alama. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu kinambagua mtoto. Kwa hiyo mnaotafuta kwenye vyeti vya Kenya vya kabla ya hapo, nafasi tupu haisemi lolote kuhusu alichojua mama.

Ila mimi nimekuja kusema juu ya majina. Mke wangu ni Mgikuyu. Kwao kifungua mimba wa kiume anaitwa babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama, huwezi kukosea. Sasa msichana akizaa nyumbani kwao bila kuolewa, majina yanatoka kwao tu. Ukikuta mtoto wa kwanza amebeba jina la baba wa mama yake, hapo umeshaambiwa kitu. Je, Wachaga hamna mpango kama huo?

#10 MjukuuWaAnasta

Upo. Kwetu wa kwanza wa kiume anachukua jina la upande wa kuumeni, wa pili la baba wa mama yake.

...

Ngoja kwanza. Baba yangu ni wa pili.

#11 Ngarambe

Eeeh! Kahawa imemwagika.

#12 Kipusa_Mbishi

Mnampandisha mwenzenu presha. Kiwia ni jina la watu wengi kule. Na mimi narudia: yule bibi mkuu alinyamaza miaka yote hiyo kwa sababu zake. Leo mjukuu anakuja na biro kuandika alichokificha. Kuna heshima hapo?

#13 NesiMstaafu

Kipusa, nimekaa leba miaka 31. Nikuambie jinsi "kunyamaza" kunavyotokea.

Mtoto akizaliwa tunajaza tangazo la kizazi, ndilo linalokuja kuzaa cheti. Nikifika kwenye jina la baba, msichana wa miaka 17 anamtazama mama yake aliyesimama mlangoni. Mama anajibu yeye: "Andika jina la babu yake." Mimi ninaandika. Nimeandika mababu wangapi kuwa mababa, Mungu anajua. Msichana hakunyamaza, hakuna aliyemuuliza. Basi kijana, usiseme bibi mkuu wako alificha. Yawezekana alisema, ikakosekana kalamu.

Na kwa mnaotafuta kwa njia hii: ukikuta baba na babu mzaa mama wana jina moja kwenye cheti, simama hapo.

#14 Wakili_Pembezoni

Mada nzuri. Naongezea njia za mahakamani, maana watu wanazisahau.

Zamani za mkoloni kesi za mimba zilikuwa zinasikilizwa kwenye mabaraza ya wenyeji, na makarani waliandika kwa Kiswahili: nani kamshitaki nani, fidia kiasi gani, mbuzi wangapi. Mahali vitabu hivyo vilipobaki, baba anatajwa mchana kweupe, kwa sababu aliyekuja kudai ni babu wa mtoto, na babu hakuwa na aibu ya kutaja jina. Kuanzia 1949 Tanganyika ikawa na sheria ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, mama anaweza kumpeleka mwanamume kwa hakimu. Sheria hiyo imedumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009.

Halafu kuna tamko la sheria za mila la 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mwanamume aliyetajwa na mwanamke kuwa ndiye baba hawezi kukana mpaka athibitishe kwamba hakulala naye. Na akitaka mtoto awe wake bila kumuoa mama, alipe shilingi 100 kwa baba wa msichana kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kabla ya kuachishwa ziwa! Kwa hiyo kwa waliozaliwa miaka ya sitini na sabini, waulizeni wazee swali hili: "Ile mia ililetwa?" Watakaokataa kumtaja baba watakujibu habari za mia.

#15 Msomaji_wa_Machame

Kwa Walutheri wenzangu wa Kilimanjaro: vitabu vya mwanzo ni vya Wajerumani wa misheni ya Leipzig, waliofika Machame 1893. Msitafute Kilatini humo. Neno lenu ni "unehelich", nje ya ndoa, mara nyingi limekatwa likabaki "unehel.". Na tahajia ni ya Kijerumani. Nilimtafuta Chuwa nusu siku, kumbe yupo muda wote, kaandikwa Tschuwa. Shirima akiandikwa Schirima ujue ni mkono huohuo. Kwa mapadri waliozoea Kifaransa, u inakuwa "ou". Someni kwa sauti, msisome kwa macho.

Na jambo kubwa zaidi: si kila "nje ya ndoa" ya kitabuni ilikuwa nje ya ndoa kijijini. Wakristo wawili wameoana kimila, mbege imenywewa, mahari imekwisha, lakini hawajapita kanisani. Kitabu kitamwita mtoto wao haramu. Ukoo ukisikia utacheka.

#16 MjukuuWaAnasta

MREJESHO WA PILI. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri ruhusa ya paroko kukaa na vitabu muda mrefu zaidi. Nimeipata, nikapewa meza karibu na dirisha na sharti la kunawa mikono.

Nimemtafuta Elisabeth. Kwenye ndoa yake ya 1936 ametajwa na namba ya ubatizo, nikarudi nyuma mpaka 1929: Elisabeth, binti wa watu wawili ambao hawajabatizwa, majina yao ya Kichaga yameandikwa kamili, baba na mama. Nikayanakili kwenye kiganja kabisa. Halafu nikaanza kupekua ukurasa mmoja mmoja, nikitafuta mtoto mwingine wa majina yale mawili. Wale wa 1929 hadi 1935 niliowapata ni watatu wa kiume.

Wa kwanza Aloysius. Wa pili Paulus. Wa tatu, Pasaka ya 1933, kundi la wakatekumeni wakubwa (watu wazima wanaofundishwa dini kabla ya ubatizo), mkono wa padri mwingine kabisa, wino wa zambarau:

Josephus (Kiwia).

Kwenye mabano. Jina lake la nyumbani.

Pembeni kwake: ameoa 1939, misheni nyingine ya jirani, na mke ambaye si Maria.

Sijamwambia baba bado.

#17 Ngarambe

Mimi natetemeka na si ukoo wangu.

#18 Mzee_wa_Sakristia

Tulia. Vuta kiti.

Unavyo vipande vinne. Msimamizi ana kaka aitwaye Kiwia. Bibi yako alimpa mtoto wa pili wa kiume jina la Kiwia. Kiwia huyo mwezi Oktoba 1938 hakuwa na mke, alioa mwaka uliofuata, na padri aliandika "naturalem". Na mume wa Maria si baba. Vinakaa pamoja vizuri. Lakini Kipusa, kwa ubishi wake wote, kasema kweli moja: Kiwia wako wengi.

Kwa hiyo kabla hujapanda huko, fanya kazi moja ya kuchosha. Hesabu Elisabeth amesimamia watoto wangapi. Kila misheni ilikuwa na mama mmoja mcha Mungu aliyesimamia kila mtoto asiye na watu. Kama Elisabeth ndiye huyo, kipande chako cha kwanza kimevunjika, na cha pili hakisimami peke yake.

#19 MjukuuWaAnasta

Nimehesabu kuanzia 1930 hadi 1950, macho yanawaka. Amesimamia mara tatu. Wawili ni watoto wa Aloysius na Paulus. Wa tatu ni bibi yangu.

#20 Mzee_wa_Sakristia

Haya. Sasa waweza kununua sukari uende.

#21 Kipusa_Mbishi

Nimenyamaza.

#22 Mdau_wa_Minnesota

Kabla hamjaenda, kuna njia ya kumaliza ubishi: vinasaba. Kama kuna mtoto wa Josephus aliye hai, yeye na baba yako wapimwe. Mtoto wa Josephus atakuwa mama mdogo au mjomba wa baba yako, aliyechangia na bibi yako baba tu. Watu wa uhusiano huo hushirikiana kama sentimogani (kipimo cha vinasaba vinavyofanana) 870 hivi kwa wastani, inapanda na kushuka. Wakipata sifuri, mnakunywa chai mnaondoka. Ndivyo hata wale watoto wa askari wa Kiingereza kule Nanyuki, Kenya, walivyowapata baba zao, kwa kulinganisha na ndugu wa mbali waliojipima wenyewe Uingereza.

#23 Wakili_Pembezoni

Angalizo kwa Tanzania: kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na kuchukua na kusafirisha sampuli kuna masharti yake. Msitume mate kwenye begi la mtu bila kuuliza. Upimaji unaotambulika unapitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi yanapitia mahakama, ustawi wa jamii, wakili na wengineo waliotajwa.

#24 MjukuuWaAnasta

MREJESHO WA TATU, na nadhani wa mwisho.

Nilimwambia baba jioni, tumekaa barazani. Nikamwonyesha daftari. Akavaa miwani, akasoma "Josephus (Kiwia)" mara mbili, akaniuliza tu: "Ni umbali gani?" Nikamwambia kwa bodaboda dakika ishirini na tano. Miaka themanini na kitu, dakika ishirini na tano.

Kuhusu vipimo alinikatalia hapohapo. "Sitemi mate kwenye chupa ya mtu."

Tulitanguliza mzee mmoja wa ukoo apeleke salamu, tukaenda Jumamosi na sukari, sabuni na debe la mbege. Josephus alifariki zamani. Amebaki binti yake wa kwanza, mama wa miaka 84, anasikia vizuri kuliko mimi. Alitupokea kama wageni wowote, hakuonyesha kitu. Mzee wetu akazunguka, akazunguka, akasema tumekuja kuuliza habari za wazee. Yule mama akamgeukia baba: "Na wewe unaitwa nani?"

"Kiwia."

Akaweka kikombe chini. "Kiwia wa nani?"

"Wa Anastasia."

Akakaa kimya kidogo, halafu akaita kuelekea jikoni: "Kiwia! Njoo umsalimie mtoto wa shangazi yako." Akatoka mwanamume wa miaka hamsini hivi anafuta mikono kwenye suruali, mtoto wa kaka yake. Sebule ikawa na Kiwia wawili, wamesimama hawajui nani aanze kumshika mwenzake mkono.

Mengine aliyosema nitayaacha huko. Nitasema moja tu, kwa ajili ya NesiMstaafu: Maria alisema. Alisema tangu siku ya kwanza. Shangazi Elisabeth alipelekwa siku ya ubatizo kwa sababu huyo kaka yake alikuwa tayari ametolewa posa kwingine, na wazee waliona hilo linatosha. Kila sikukuu ya Noeli Elisabeth alikuwa anatuma mkungu wa ndizi kwa mjomba Mikaeli. Baba anaikumbuka hiyo mikungu. Alidhani ni ya jirani.

Kihamba hatujauliza, Kipusa. Ila tumeonyeshwa kaburi.

Nilirudi kwa katibu kumshukuru. Nikamuuliza kama mstari wa bibi unaweza kusahihishwa. Akanionyesha kanuni za sasa, za 1983, ya 877: mpaka leo baba huandikwa kwa hati ya serikali au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Marehemu hawezi kutamka. Namba 214 itabaki ilivyo.

#25 Otieno_wa_Kanduyi

Nimesoma hii mke wangu akidhani nina mafua.

#26 Kipusa_Mbishi

Msalimie Mzee Kiwia. Wote wawili.

#27 Mgeni_Songea

Wakuu naomba kuuliza na mimi, mniwie radhi kwa kudandia. Nimetumiwa maandishi ya ubatizo wa babu yangu, 1941: "nat. illeg., m. Magdalena, p. ign., patr. Thomas cat." Huyo Thomas mimi na ndugu zangu tumeshaanza kumwita babu. Ukoo wake tumeupata, wapo Mbinga. Twende?

#28 MjukuuWaAnasta

Msiende bado. Hiyo "patr." ni msimamizi wa ubatizo, na "cat." ni katekista. Fungueni kurasa kumi za kabla na kumi za baada, mhesabu Thomas kasimamia wangapi.